Kuta za Kampuni, Vitu vya Mama

Nifuate, tushukie hapa kwenye mikaratusi, kabla gari halijashika mteremko wa kuingia Kericho mjini. Tuseme ni mwaka 1983, mwezi wa tano, saa nane mchana. Vaa sweta. Mbele yetu kuna barabara ya udongo mwekundu iliyopasua chai katikati: kushoto chai, kulia chai, yote imelala usawa mmoja. Usawa huo si wa bahati. Mchumaji ana ufito wake anaoulaza juu ya vichaka, na kinachoruhusiwa kuingia kikapuni ni kile kilichochomoza juu ya ufito, majani mawili na chipukizi. Ukitega sikio utawasikia wachumaji kabla hujawaona, maana huchuma wakipiga soga: Kikipsigis upande huu, Ekegusii upande ule, na Kiswahili kikiwavusha kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Kiwanda hukioni, kimejificha nyuma ya kilima, ila harufu yake imeshatufikia. Ni harufu ya majani yaliyosagwa yakaachwa yachachuke, tamu kidogo, kali kidogo, na chini yake moshi wa kuni za mkaratusi. Tukaze mwendo. Mawingu yanapanda kutoka upande wa Ziwa Victoria, na huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua ya alasiri haibishi hodi. Mara nyingi huja na mawe. Milima ya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na ikianza kumwagika juu ya mabati humsikii hata mtu mliyekaa naye benchi moja. Ndiyo maana watu wa laini tulizoea kuongea kwa sauti hata siku ya jua.

Laini yenyewe, makazi ya wafanyakazi, hii hapa. Nyumba zimejipanga kwa safu, nje zimepakwa chokaa nyeupe, na chini, kimo cha goti, umepita ukanda mweusi wa kuficha matope yanayorushwa na matone. Zote ni sawasawa, mgeni hana budi kuhesabu milango. Ya kwetu ni ya tatu kutoka bomba, ila sisi watoto hatukuhesabu. Tuliangalia kopo la Kimbo lililotobolewa kitako, lenye jeraniamu nyekundu, ambalo Mama aliliweka juu ya jiwe kando ya mlango. Ingia. Usivue viatu, vifute tu kwenye hilo gunia.

Kinachokupokea ndani ni harufu ya chai kavu, ingawa jiko liko nje na hakuna aliyebandika maji. Harufu inatoka kwenye fanicha. Siku hizo chai ya kuuzwa ng'ambo ilisafiri katika masanduku ya plaiwudi, kingo zake zote zimefungwa ukanda wa bati na kupigiliwa misumari midogo, na ndani yametandikwa karatasi ya aluminiamu ili unyevu usipenye. Malori yaliyapeleka Mombasa, ambako mnada wa chai ulikuwa umehamia kutoka Nairobi mwaka 1969. Sanduku lililopasuka kona kabla ya safari liliuzwa kwa wafanyakazi kwa shilingi chache. Baba alikuwa chumba cha kuchekecha, mahali ambapo chai kavu hugawanywa kwa ukubwa wa chembe zake, kwa hiyo habari za masanduku mabovu zilimfikia mapema.

Mawili yaliyosimama wima na ubao ukalala juu yake yalikuwa meza ya kulia. Manne yaliyopandana, midomo ikitazama chumbani, yalikuwa kabati la vyombo: vikombe vya bati vyenye ukingo wa buluu, birika, sinia moja yenye picha ya tausi, na sahani za udongo ambazo hazikutumika ila mchungaji akija. Moja lililolala ubavu kando ya kitanda lilikuwa la Baba peke yake, la wembe, miwani na karatasi za mshahara. Kwenye ubavu wa kila sanduku kulikuwa na maandishi meusi, yaliyopigwa kwa brashi juu ya bati lililokatwa herufi: jina la shamba, namba, na daraja la chai, BP1, PF1, PD, DUST 1. Majirani wengi waliyageuza maandishi hayo yatazame ukuta, au wakayafunika kwa rangi ya mafuta. Mama aliyaacha yamtazame mgeni. Alipenda jinsi wino ulivyokolea pale ambapo brashi ilianzia na kufifia ilipomalizikia. Nilipoingia darasa la kwanza nilizijua B, P, F na D barabara, na mwalimu hakuelewa ni mtoto wa aina gani huyu asiyeijua A.

Ndugu za masanduku hayo waliofika salama walipata maisha mengine. Huko Uingereza watu waliyatumia kuhamishia vyombo, na miaka ya 1950 vijana walitia mpini wa ufagio na uzi mmoja, sanduku likawa ala ya besi. Bendi ya The Quarrymen ya Liverpool, iliyokuja kuzaa The Beatles, ilikuwa na mpiga sanduku la chai. Hayo niliyasoma nikiwa mtu mzima, nikacheka peke yangu, nikikumbuka nilivyochapwa kwa kupiga ngoma kwenye kabati.

Ile karatasi ya aluminiamu Mama hakuitupa. Aliibandua polepole, akailaza juu ya meza na kuipiga pasi kwa mgongo wa kijiko mpaka mikunjo ikalala, haikuisha. Nyingine alitandika rafuni, chini ya vikombe. Kipande kikubwa zaidi alikisimamisha nyuma ya koroboi. Jioni, utambi ukiwashwa, mwanga uligonga mikunjo ile ukarudi umetawanyika, na chumba chetu cha taa moja kikang'aa kuliko vyumba vya jirani vyenye taa mbili. Majirani walikuja kufanyia hesabu za kikundi chao kwetu, wakisema kwetu kuna mwanga. Hawakusema mafuta ni ya nani.

Kaa kwanza, usiogope kuvichafua vitambaa. Hivyo vyeupe vya kufuma, kwenye migongo ya viti, juu ya redio, juu ya birika, hata juu ya mtungi wa maji, Mama alifundishwa na mama mmoja Mkisii wa mlango wa tano. Walikaa pamoja Jumapili baada ya kanisa, miguu imenyooshwa kwenye nyasi, uzi wa pamba umewekwa ndani ya bakuli ili usiviringike. Kitambaa kikimalizika kilichovywa kwenye maji ya sukari, kikavutwa kikatandazwa juani juu ya chupa au sufuria, kikikauka kimesimama chenyewe. Tatizo lilikuwa sisimizi. Walipanda kwa foleni kuifuata sukari, na jioni redio ikiwashwa, ikitangaza Sauti ya Kenya na Leonard Mambo Mbotela akiuliza katika kipindi chake kama huu ni ungwana, sisimizi walishuka kwa foleni ileile.

Sasa inua macho uangalie ukuta, kwa maana hapo ndipo penye jambo. Utaona kioo, utaona picha ya arusi iliyopigwa studio mjini, picha ya Baba akiwa na wachezaji wa timu ya kiwanda, na kalenda kadhaa za miaka iliyopita, zilizobakizwa kwa ajili ya picha zake za mito na theluji. Lakini hakuna hata kimoja kinachogusa ukuta. Vyote vinaning'inia kwa kamba kutoka juu, kwenye mbao za paa, kwa sababu hapakuwa na dari, na vimesimama vidole viwili mbele ya chokaa. Mlango ukifunguliwa kwa nguvu, picha zote hupepesuka pamoja, kisha hutulia moja baada ya nyingine. Mtoto aliyezaliwa nyumba hiyo hakuona ajabu. Nilidhani picha ndivyo zinavyokaa popote duniani.

Sababu ilikuwa msumari. Ukuta ulikuwa wa kampuni. Karani wa nyumba alipita kukagua, akiwa na daftari, na tundu lolote ukutani liliandikwa kwa jina la mwenye nyumba, ambaye kwa kweli hakuwa mwenye nyumba. Mafundi wa chokaa walipokuja, ilibidi kuta ziwe tupu kufikia saa tatu. Basi Mama aliishi na kuta asizoweza kuzigusa, na urembo wake wote akauweka kwenye vitu vinavyobebeka. Alikata kamba kwa urefu uliopimwa. Alijua kamba ya kioo ni ipi na ya arusi ni ipi. Mafundi wakiondoka, harufu ya chokaa mbichi ikiwa bado inachoma pua, alipanda juu ya sanduku la PF1 na kurudisha kila kitu mahali pake kabla ya Baba kutoka zamu.

Na tulihama. Kazi ikihamishwa kutoka sehemu moja ya shamba hadi nyingine, na nyumba inahama. Trela la trekta lilikuja asubuhi, na hapo ndipo nilipoelewa akili ya masanduku: kabati liligeuzwa midomo juu, likawa sanduku tena. Vikombe vilibaki mlemle vilimokuwa, vikaongezewa nguo katikati. Meza ilibeba viatu. Ubao wa juu ulikuwa daraja la kupandishia mbuzi. Kufikia saa sita tulikuwa nyumba nyingine, ya saba kutoka bomba jingine, na jioni koroboi ilikuwa mbele ya karatasi yake. Kila safari iliacha alama. Huo mkwaruzo mrefu kwenye kabati ni wa trela lililokwama matopeni karibu na mto. Hapo bati lilipokunjamana ni mbuzi. Mama alizijua alama hizo, na akipangusa vumbi mkono wake ulizipitia polepole zaidi kuliko sehemu nyingine.

Kile kiti cha mikono ulichokalia kina ukoo tofauti. Kilitoka bangaloo. Kupita laini zote, kupita uwanja wa mpira, juu kabisa ya kilima ambako upepo hauna harufu ya vyoo, ndiko kulikokuwa na nyumba ya meneja, yenye bomba la moshi la mawe, nyasi zilizonyolewa na vichaka vya haidrenjia vya buluu. Wazungu walianza kupanda chai kwa wingi huku miaka ya 1920, baada ya mpango wa kuwapa maafisa wa Kiingereza walioumia vitani mashamba ya kitani kuporomoka. Kufikia utoto wangu mameneja wengi walikuwa Waafrika, lakini bado alikuwepo mzee mmoja Mwingereza, na alipostaafu akapanga vitu vyake barazani, kila kimoja na kijikaratasi cha bei. Wafanyakazi walipanda kilima wamevaa nguo za kanisani. Nakumbuka ukimya wao. Watu waliokuwa wakipiga kelele shambani walipita katikati ya mataa, mazulia na vikapu vya mbwa wakiongea kwa kunong'ona, wakigusa kitu kwa ncha ya kidole na kuondoa mkono.

Baba alinunua kiti, na kioo ambacho hakuna aliyekitaka kwa kuwa kilikuwa na madoa meusi kwa nyuma, usawa wa kidevu. Dada yangu alijifunza kusuka nywele akiwa ameinama. Kiti kilivikwa kitambaa cha mawaridi. Upande uliokuwa ukielekea dirisha la yule mzee, mawaridi yalikuwa yamepauka hadi rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili yalikuwa bado mekundu. Mkono wa kushoto ulichakaa hadi nyuzi, labda kwa kiwiko, labda kwa kushika gazeti, ila mkono wa kulia ulikuwa mzima. Huo wa kulia tukauchakaza sisi. Tulikuwa watoto wanne, na kila mmoja alipenda kukaa upande ule kwa sababu ndio uliokuwa karibu na redio. Miaka michache ikapita, mikono yote miwili ikawa sawa, na mgeni asingeweza kujua ni nani amekula upande gani.

Meza ya mviringo iliyo kando yake, ya mvule, Baba aliinunua sokoni mjini ikiwa imetumika. Ilikuwa kazi ya mafundi wa Kalasinga, ambao Kericho iliwajua kabla haijawa mji wa kusifika. Mahali ambapo leo limesimama hekalu lao kubwa palikuwa na karakana iliyoitwa Kericho Wagon Works, ya kuunda mikokoteni, na hekalu lilijengwa kwa kumbukumbu ya Baba Puran Singh, aliyefanya kazi pale kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1970. Ipindue meza uone: miguu imeingia kwenye uso wake kwa mbao zilizokatwa zikaumana. Baba alipenda kuwaonyesha wageni. "Hakuna msumari hata mmoja," alisema, na Mama, akimimina chai, alijibu bila kugeuka, "Basi kwetu itakaa salama."

Kogo, mama yake Baba, alikuja laini mara moja tu nijuavyo mimi. Alitoka kwake ng'ambo ya Litein, upande wa Konoin, na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachuka, amekifunga kwenye leso. Aliketi kwenye kiti cha mawaridi, akanyoosha miguu, akaangalia juu: kamba, kioo kinachozunguka taratibu, kalenda za theluji. Akaangalia masanduku yenye maandishi. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Kwani mnahama leo?"

Mama alicheka mpaka akaweka birika chini. "Hapana, Mama. Tunakaa hivi."

Kogo alitikisa kichwa, akanywa chai yake.

Twende kwake sasa, Desemba, shule zikifungwa, umwone yeye alivyokaa. Wakati huo Kericho na Bomet zilikuwa wilaya moja, na gari la Litein lilijaa kuku, magunia na watoto waliopakatwa na watu wasiowajua. Kutoka barabarani tunatembea. Chai ya huku si ya kampuni, ni vipande vya watu, kipande hiki kimechumwa, kile kimesahauliwa, katikati yake mahindi na ng'ombe aliyefungwa. Nyumba ya Kogo ni ya duara, ya udongo, na ukifika wiki moja kabla ya Krismasi utamkuta ameinama nje, mikono imezama hadi viwiko, akikandika. Chini anapaka udongo uliochanganywa na majivu na samadi ya ng'ombe, kijivu kilichoiva. Juu anapaka udongo mweupe aliouchimba kingo za mto. Palipokutana rangi mbili anapitisha vidole vitatu, mawimbi matatu yanayozunguka nyumba nzima na kurudi mlangoni yalikoanzia.

Kwa hiyo ukuta wa Kogo haukuwahi kuzeeka. Mvua ya mwaka mzima iliula, na kila Desemba ulirudi mpya. Nyufa, alama za magoti ya ndama, mistari ya makaa tuliyochora sisi wajukuu, vyote vilifunikwa bila huzuni. Na misumari? Ilikuwa kila mahali, na vigingi vya mbao juu yake. Alichomeka kitu ukutani popote mkono wake ulipofika, maana tundu likiziba mwaka ujao nani atauliza?

Kilichozeeka kwake ni vibuyu tu. Vilining'inia kwenye vigingi vikiwa vimevaa mikanda ya ngozi yenye shanga na kauri, vyeusi kwa moshi na kung'aa kwa mafuta ya viganja. Asubuhi alivisugua ndani kwa brashi ya sosiot, akachoma kijiti cha senetwet, akakisugulia makaa yake ndani ya kibuyu, na nyumba ikajaa ile harufu ya moshi mtamu ambayo Mkipsigis yeyote akiisikia hata akiwa Dubai humeza mate. Kibuyu chake cha zamani zaidi kilikuwa na ufa ulioshuka kutoka shingoni hadi tumboni. Aliushona. Alitoboa vitundu pande zote mbili, akapitisha uzi, akakaza, kisha juu ya mshono akapanga shanga nyekundu na nyeupe, na mtu asiyejua angedhani ufa ulitengenezwa ili shanga zipate njia. Maziwa ya mgeni yalitoka kwenye kibuyu hicho. Vile vizima vilikuwa vya sisi wa nyumbani.

Miaka mingi baadaye, Mama akiwa mzee na amekuja Nairobi kutibiwa macho, dada yangu alitupeleka Ngong Road, kwa mafundi wanaopanga vitanda na makabati kando ya barabara. Alitaka meza ya kujipambia, ya mtindo ambao sasa uko kwenye kila gazeti la nyumba: mbao iliyopakwa rangi ya krimu, imebabuka kona, na vitasa vilivyopoteza mng'aro. Mtindo huo ulipata duka lake mwaka 1989, Mwingereza Rachel Ashwell alipofungua biashara Santa Monica, California, akiuza viti vyenye vitambaa vya maua yaliyofifia na meza zilizobabuka. Chimbuko lake ni nyumba za mashambani za Uingereza, ambako watu hawatupi kiti cha babu. Niliposoma hayo nilikiona kiti cha bangaloo, nikaona kumbe mawaridi yale yalikuwa na jamaa hadi California.

Fundi, kijana mchangamfu, alikuwa akisugua msasa kwenye meza aliyoipaka rangi asubuhi hiyo. Pembeni alikuwa na mnyororo wa baiskeli wa kupigia mbao zipate makovu. Mama alisimama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kijana, hii mpya imechakazwa na nani?"

"Na mimi, Mama."

"Basi umeichakaza mahali ambapo hakuna mtu." Akasogea. Akamwonyesha kwa kidole chake kilichopindwa na miaka ya kuchuma. Kona ya nyuma uliyoisugua inatazama ukuta, hakuna anayepita huko. Mtu akivuta droo huigusa hapa, chini ya kitasa, kwa kucha. Goti hugonga hapa, mguu wa kulia. Mtoto anayejifunza kusimama hushika ukingo huu, kimo hiki, na hushika kwa mikono miwili. Mafuta ya taa humwagika huku. Yule kijana aliacha kucheka, akachukua penseli kutoka sikioni, akawa anatia alama. Alipomaliza kusugua upya, meza ilikuwa na maisha ya familia ambayo haijawahi kuwapo, na dada yangu akaongezewa shilingi mia tano kwenye bei kwa kazi hiyo ya ziada. Mama alilalamikia hizo mia tano hadi tukafika nyumbani.

Lakini nimeruka mbele. Turudi mwaka 1992, mwaka Bomet ilipotengwa na Kericho ikawa wilaya inayojitegemea. Baba alistaafu mwaka huo. Kiinua mgongo chake, pamoja na bonasi za chai kidogo waliyokuwa wamepanda kwenye shamba la Konoin na kuipeleka kiwanda cha Mogogosiek, vilitosha kujenga nyumba ya mawe ya vyumba vinne, hatua chache kutoka palipokuwa na nyumba ya duara ya Kogo, aliyekwisha kutangulia. Trela la mwisho lilitufikisha jioni. Masanduku yalishuka, kiti kikashuka kikiwa kimevikwa blanketi, kioo nilikipakata mimi. Wanaume walikuwa bado wanabishana kitanda kipite mlango upi, Mama akaomba nyundo.

Plasta ilikuwa haijakauka vizuri. Alipigilia msumari wa kwanza sebuleni, kipande kikubwa cha ukuta kikadondoka. Akasogea hatua moja, akapigilia mwingine. Alipigilia wa kioo, wa arusi, wa timu ya kiwanda, wa kalenda zote, wa kibuyu cha Kogo chenye ufa, ambacho alirithi yeye. Vitu vikaisha, misumari haikuisha. Akaendelea korido, akaingia chumba cha watoto, vumbi jeupe likimkaa kwenye kope.

"Mama watoto," Baba alisema kutoka mlangoni, "utaiangusha nyumba."

"Ikianguka," alijibu, msumari ukiwa mdomoni, "imeanguka yangu."

Masanduku bado yapo, chumbani kwake, yamejaa nguo na vyeti. Kiti tulikishonea kitambaa kipya, kisha akakitandikia kile cha zamani juu. Baba hayupo tena, na picha yake imepata msumari katikati ya sebule. Mingine mingi haina kitu hadi leo. Imepata kutu kidogo na kuacha michirizi ya kahawia chini yake. Wajukuu wameanza kuijaza kwa medali za mbio, vyeti vya shule na vikapu vya mkonge. Ukipita Mogogosiek umtembelee, sukari anayo, majani anayo, maziwa anayo. Mpelekee kitu chenye kitanzi.